Kilele cha eujenoli hupotea: je, elektrodi ipachikwe kemikali?

SWALI: Asalaam aleikum. Ninasoma kemia, na mradi wangu ni kupima eujenoli, kemikali kuu ya karafuu, katika mafuta ya makonyo ya karafuu kwa elektrodi ya kaboni kioo, yaani kipande kigumu cha kaboni kinachopitisha umeme ndani ya kimiminika. Kipimo cha kwanza hutoa kilele kirefu cha mkondo wa umeme kwenye grafu, cha pili hushuka, na baadaye hapana la kusoma. Nimeshauriwa nipachike tabaka juu ya kaboni kwa chumvi ya diazoni. Je, hiyo ndiyo dawa yake?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Waaleikum salaam. Kwa maradhi uliyoyaeleza, siyo. Eujenoli ni fenoli (pete ya kaboni yenye kundi la -OH), na fenoli ikinyang'anywa elektroni huzaa radikali, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, ambazo huungana zenyewe kwa zenyewe na kuwa polima, minyororo mirefu ya molekuli. Utando huo mwembamba, usiopitisha umeme, hugandia palepale ulipozaliwa na kuiziba kaboni.

Njia ya diazoni, iliyooneshwa mwaka 1992 na wanakemia Pinson, Savéant na wenzao, ina thamani kubwa: elektrodi huipa chumvi hiyo elektroni, gesi ya nitrojeni hutoka, na kipande cha arili (pete ya kaboni) kinachobaki hujifunga kwenye kaboni kwa kifungo imara cha kovalenti, yaani cha kushirikiana elektroni. Hufaa sana unapotaka kunasa ayoni za metali au kushikiza kimeng'enya. Kwako wewe, uimara huo ndio kikwazo, kwa sababu utando wa eujenoli utajijenga juu ya tabaka hilo, na ukiung'arisha kwa unga wa alumina utaondoa vyote viwili.

Ningekushauri utumie elektrodi ya bandiko la kaboni, aliyoibuni mwanakemia Ralph Adams mwaka 1958. Unga wa grafiti hukandwa kwa mafuta ya parafini ndani ya kinu kidogo mpaka uwe laini, ukashindiliwa kwenye mrija wenye waya wa shaba. Kila baada ya kipimo sukuma bandiko kidogo, kata lililochafuka, kisha sugua uso juu ya karatasi laini hadi ung'ae. Ukihitaji kirekebishi, yaani kitu cha kubadili tabia ya elektrodi, kama vile udongo wa mfinyanzi au neli-nano (mirija midogo mno) za kaboni, kichanganye humohumo, nacho kitajitokeza upya kila unapokata.

Mafuta yako yayeyushe kwanza katika ethanoli, ndipo uyazimue sana kwa bafa (mmumunyo unaodumisha kiwango cha asidi), kwani eujenoli ikiwa nyingi utando hufanyika upesi. Na kwa kuwa nyuso mbili za bandiko hazilingani kabisa, rudia kila kipimo juu ya nyuso mpya kadhaa, uchukue wastani.