Mzazi Uliyejiajiri, Andika Kipato Chako Kabla Mwanao Hajaomba Mkopo

Mzazi anayelipwa mshahara hahangaiki kueleza uwezo wake, kwa sababu hati ya mshahara humsemea. Sisi tuliojiajiri, tunaoshona nguo Makorora, tunaouza samaki Deep Sea au tunaokaanga maandazi alfajiri kwenye barabara za Ngamiani, hatuna karatasi ya namna hiyo, na mtoto anapofaulu kwenda chuo kikuu ndipo tunapoulizwa jambo ambalo hatujawahi kulikalia chini tukalihesabu: kwa mwezi unaingiza kiasi gani? Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nimemsindikiza binti yangu katika maombi ya mkopo wa elimu ya juu, na ninaandika haya kwa ajili ya mzazi ambaye mwanawe bado yuko kidato cha tano, kwa kuwa huo ndio wakati unaofaa kuanza.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, haitoi mkopo kwa ufaulu peke yake, bali hupima uhitaji wa mwombaji. Yatima, mwenye ulemavu na anayetoka katika kaya iliyomo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini wana nyaraka zinazothibitisha hali zao. Mtoto wa fundi, ambaye wazazi wote wawili wako hai na nyumbani kuna cherehani tatu, anaweza kuonekana kuwa na uwezo ambao familia yake haina. Pengo hilo halizibwi kwa kulalamika wala kwa kujidhalilisha. Huzibwa kwa hesabu.

Jambo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kutenganisha mauzo na kipato. Tuchukue mfano wa fundi anayepokea shilingi 600,000 kwa mwezi kutoka kwa wateja. Vitambaa, uzi, zipu na vifungo vikichukua 260,000, kodi ya fremu 80,000, umeme wa luku 25,000 na kijana anayemsaidia kushona akilipwa 90,000, kinachobaki kwa chakula, ada za wadogo na matibabu ni 145,000. Jirani anayepita na kuona wateja wamejaa huziona zile 600,000, na mara nyingi hata sisi wenyewe tukiulizwa ghafla hutaja hizo hizo, kwa kuwa ndizo zilizopita mikononi mwetu. Atakayekadiria uwezo wako kwa kutazama fremu yako hatajua yaliyotoka, isipokuwa umeyaandika.

Mimi hutumia daftari la kawaida lenye safu tatu: kilichoingia, kilichotoka kwa ajili ya kazi, na nilichochukua kwa matumizi ya nyumbani. Hiyo safu ya tatu ndiyo inayosahaulika sana, na bila hiyo daftari haliwezi kueleza kwa nini mtaji haukui. Andika kila jioni kabla ya kufunga, na utunze risiti za vitambaa na za kodi ya pango. Tena usiandike mwezi mmoja tu. Kazi yetu ina misimu: karibu na Idi na wakati wa sare za shule mwezi Januari fundi hapati usingizi, ilhali masika yakikolea anaweza kukaa siku nzima akitazama barabara. Mwaka mzima ukijumlishwa na kugawanywa kwa 12 ndio unaosema kweli kuhusu kaya yako.

Ninasisitiza pia kwamba takwimu ziwe zile zile kila mahali. Wapo wanaofanya biashara yao ionekane kubwa wanapoomba mtaji, kisha wakaipunguza mbele ya Mamlaka ya Mapato na kuikana kabisa mtoto anapoomba mkopo. Zaidi ya kuwa taarifa za uongo ni kosa, mtu wa namna hiyo humweka mwanawe mahali pabaya, kwa sababu ni jina la mtoto lililo kwenye fomu.

Ujumbe wa daftari unapaswa kumfikia kiongozi wa mtaa mapema, kwa kuwa ofisi yake ndiyo inayothibitisha sehemu ya fomu. Nilikwenda na daftari langu, nikamwomba mtendaji aketi nami dakika chache, nikamwonyesha miezi mizuri na mibaya bila kuficha. Akauliza maswali, nikajibu. Ukimfuata siku ya mwisho huku foleni ni ndefu, atagonga muhuri tu bila kuijua hali yako.

Nyaraka nyingine zina mwendo wake. Cheti cha kuzaliwa huhakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na herufi moja ya jina ikitofautiana na ya cheti cha shule inaweza kukuchelewesha wakati dirisha la maombi linahesabu siku. Mdhamini naye atafutwe mapema akiwa na kitambulisho chake, na aelezwe waziwazi anachokitia saini, kwa maana huu ni mkopo: mwanao akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. Zungumzeni hilo nyumbani kabla ya kujaza fomu.

Majina yakitoka na mwanao akawa hayumo, au akapangiwa kiasi kisichofikia ada, dirisha la rufaa likifunguliwa msilipuuze. Rufaa yenye maneno ya huzuni peke yake haina nguvu. Ambatisheni nyaraka ambazo hazikuwamo awali, mkieleza kilichobadilika au kilichokosekana, na mbaki na nakala ya kila karatasi mliyowasilisha, yenye tarehe na muhuri unaosomeka.