Lenzi zangu zinaota kuvu kabatini, nitie muchele?

SWALI: Jambo mukubwa. Miye napiga foto za ndoa hapa Bukavu, nakaa Kadutu. Niko na lenzi tatu, nazifunga kwa mifuko yake ya ngozi halafu nazitia kabatini chini ya manguo, mwivi asizione. Juzi natoa ile ya 50 mm, ndani ya kioo naona kama utandu wa buibui! Rafiki moja anasema nitie muchele, mwingine anasema makala. Nimusikilize nani?

JIBU: Jambo mdogo wangu, pole sana. Hiyo ni kuvu, na kitanda umeitandikia weye mwenyewe: giza, hewa haitembei, ngozi na manguo vinanyonya maji na kuyashika. Unyevu wa hewa ukipita 60% hivi siku nyingi mfululizo kuvu inaota, na kwetu mvua inapiga tangu mwezi wa 9 mpaka wa 5, basi hesabu.

Hao marafiki usimusikilize hata moja. Muchele unanyonya kidogo tu na unaacha unga unaoingia kwenye pete za lenzi, makala nayo vumbi lake unalijua. Tafuta boksi ya plastiki yenye mpira kwenye kifuniko, kama zile mama wanatilia chakula, ndani utie silika jeli, zile mbegumbegu za kunyonya unyevu. Vile visashe vya boksi za viatu mara nyingi vimeshashiba zamani, afadhali zile zinazobadilisha rangi, za bluu zikishiba zinakuwa za waridi, za machungwa zinakuwa kijani. Zikishiba unazikausha kwa sufuria kuukuu juu ya mbabula, moto mdogo kabisa, mpaka rangi irudi, na sufuria hiyo isirudi tena kwa chakula maana zile za bluu ziko na kobalti, ni sumu.

Tia na higrometa ndogo ndani, kile kipimo cha unyevu wa hewa, isome kati ya 40 na 50%. Ukikausha sana, chini ya 30, mafuta ya ndani ya lenzi yanaweza kuharibika. Shida, higrometa za bei ndogo zinadanganya, kwa hiyo ipime kwanza: chumvi ya jikoni kwenye kifuniko cha chupa, dondoshea maji kidogo iwe kama uji muzito, funga pamoja na higrometa kwa sashe isiyopitisha hewa, iache usiku muzima. Asubuhi inapaswa kusoma 75. Ikisoma 70, basi kila siku uongeze 5, kazi imeisha. Kuko na makabati ya umeme ya kazi hii, mazuri, lakini na umeme wetu huu unaokatika katika... boksi yako inatosha.

Ile 50 mm upeleke kwa fundi haraka, kuvu inatoa asidi inayokula ile rangi nyembamba ya juu ya kioo na alama yake haitoki tena. Usiianike juani, vioo vyenyewe vinazuia sehemu kubwa ya ile miale inayoua kuvu, na jua likipita kwenye lenzi linaweza kuwasha kitu! Zile mbili zingine umulike na tochi kutoka nyuma uone kama nazo ziko na kuvu, na uzitumie mara kwa mara. Watu wanasema kuvu inaambukiza, lakini mbegu zake ziko hewani kila mahali, unyevu ndio unaoamua.

Mifuko ya ngozi ni ya kubebea siku ya ndoa, jioni unatoa lenzi. Na mambo ya mwivi usiogope, hiyo boksi unaificha palepale chini ya manguo.