Programu ya simu ya kuhimiza wanawake weusi kujipima VVU: tuanzie wapi?

Swali: Habari za kazi, daktari. Niko kwenye shirika dogo la akina mama weusi hapa Atlanta. Wengi ni Wamarekani weusi, wachache ni sisi tuliotoka Kenya na Tanzania. Tumepata fedha kidogo na bodi inataka tutengeneze programu ya simu ya kuwahimiza wanawake kujipima VVU nyumbani. Tuanze na nini, na tutajuaje kama imefanya kazi?

Jibu: Salama, dada, na hongereni kwa kupata fedha hizo. Ningekuwa kwenye bodi yenu nisingezitia kwenye programu. Programu mpya lazima mtu aitafute, aipakue, kisha alama yake ikae kwenye kioo cha simu ambapo mume au mtoto ataiona. Meseji ya kawaida haidai lolote kati ya hayo. Tengenezeni ukurasa mmoja mwepesi wa kuagizia kipimo, muwe na namba ya meseji inayojibiwa na binadamu, na fedha inayobaki imlipe huyo anayejibu.

Kumfanya mwanamke aagize kipimo ndiyo sehemu rahisi. Ugumu unaanza kifurushi kikishafika na kulala kwenye droo. Kipimo mtakachokutana nacho zaidi ni OraQuick, ambacho mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kiuzwe kwa matumizi ya nyumbani Julai 2012. Mtu anapitisha kijiti kwenye ufizi wa juu na wa chini, anakitumbukiza kwenye kichupa, kisha anasoma jibu baada ya dakika 20, zisipite 40. Nusu saa kabla ya hapo asile, asinywe wala kupiga mswaki. Meseji zenu zifuate hatua hizo: ya kwanza iulize kama kifurushi kimefika, ya pili imwombe achague saa atakayokuwa peke yake. Saa hiyo ikifika, mtu wenu awe tayari kwa simu ya video, kwa anayetaka kuwa na mwenzake katika dakika hizo 20. Ni dakika ndefu mno kukaa nazo peke yako.

Mwambieni pia yale ambayo matangazo huyapita haraka. Kipimo hiki kinaweza kukosa maambukizi ya miezi mitatu ya karibuni. Watu wa kawaida walipojipima wenyewe katika majaribio, takriban mmoja kati ya 12 waliokuwa na VVU alipata jibu hasi. Anayetumia PrEP (dawa za kujikinga kabla ya kukutana na VVU) au ARV asikitegemee. Jibu chanya lazima lithibitishwe maabara, kwa hiyo miadi ya kliniki iwe imeandaliwa kabla hamjatuma kifurushi hata kimoja. Na anayewaandikia kwamba huenda aliambukizwa jana au juzi, msimtumie kipimo mkamwacha asubiri. Aelekezwe akapate PEP, dawa za dharura za kuzuia maambukizi, ndani ya saa 72.

Sasa maneno yenyewe. Wanawake weusi ni takriban 13% ya wanawake wa Marekani, lakini ni karibu nusu ya wanawake wanaogundulika na VVU. Takwimu hiyo wapelekeeni wafadhili; kwenye simu ya mwanamke isifike. Ataisoma kama lawama juu ya mwenendo wake, wakati chanzo kikubwa ni kukosa bima ya afya, umbali wa kliniki, na wenza wengi wasiojua hali zao au wasiofikiwa na dawa. Isitoshe, habari za Tuskegee, Alabama, ambako kuanzia 1932 hadi 1972 wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa tu bila kutibiwa, bado zinasimuliwa majumbani, na watu wana haki ya kutuuliza maswali magumu. Meseji ziandikwe na wanawake wa jamii hiyo. Sisi wa Afrika Mashariki tusidhani kufanana rangi kunatosha kuwaandikia Wamarekani weusi. Mama wa Kisumu au Tanga aliyeko Atlanta aandikiwe kwa Kiswahili, na mtu anayejua hofu zake, zikiwemo za karatasi za uhamiaji.

Neno VVU lisitokee kwenye mstari wa kwanza wa meseji, ule unaoonekana simu ikiwa imefungwa. Kila mtu achague neno lake la siri. Mkiweka msimbo wa QR kwenye saluni, ubandikeni chooni, maana mbele ya kioo kila mtu anaona nani kainua simu. Ukurasa wa kuagizia usiwe na vifuatiliaji vya matangazo vya Facebook wala Google. Mwaka 2023 GoodRx, kampuni ya Marekani ya kuponi za punguzo la dawa, ilitozwa faini ya dola milioni 1.5 kwa suala la kuwapa kampuni kama hizo taarifa za afya za wateja wake. Sheria ya HIPAA, ile ya Marekani ya kulinda siri za taarifa za afya, haizifungi programu na tovuti zote, na hapo ndipo wengi hujidanganya.

Kuhusu kupima mafanikio, idadi ya waliobonyeza linki haiwaambii kitu. Hesabuni walioagiza, waliojipima, waliothibitishwa maabara na kuanza dawa, na wenye jibu hasi waliofika kuulizia PrEP. Kutaja jibu kuwe hiari.

Kuna jambo moja hamkuniuliza. Katika utafiti wa Kisumu uliochapishwa 2016, wajawazito na waliojifungua karibuni walipewa vipimo wakawapelekee wenza wao, wenza 90.8% walipima, dhidi ya 51.7% ya walioalikwa kliniki kwa barua tu. Kwa hiyo fomu yenu iwe na nafasi ya kuagiza vipimo viwili. Ila aliyeomba viwili aulizwe kwanza, kwa meseji, kama ni salama kumpa mwenzake. Akisita, atumiwe kimoja, apewe na namba ya simu ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili nyumbani.