Fizi Zikitoka Damu, Usiuweke Mswaki Kando

Dada mmoja ameniandikia wiki hii: kila akipiga mswaki anatema damu, kwa hiyo upande wa kushoto ameamua kuuacha kwanza upoe. Dada yangu, huko huko kushoto ndiko kunakodai mswaki.

Nasema kwa uchungu. Fizi zangu zilipoanza kuvimba, mhudumu mmoja wa afya alinichungulia mdomoni mara moja tu, akasema ni vitamini zimepungua, nimeze vidonge na nipumzishe mswaki. Nikatii. Fizi zikazidi kuiva, zikatuna kati ya jino na jino, nikawa naongea na watu huku nimeziba mdomo. Nikikumbuka, hasira hunipanda hadi leo.

Daktari wa meno niliyemwendea baadaye alinishikisha kioo. Akapitisha kichuma chembamba pale jino linapokutana na ufizi, kikatoka na utando mweupe, laini, unaonata. Ule ni bakteria. Ukiachwa, hushika madini ya mate na kuwa ugaga mgumu, na ugaga hauondoki kwa mswaki hata usugue vipi; hukwanguliwa na mtaalamu. Nilikwanguliwa, nikashika usafi, na leo nauma tunda bila kuacha alama ya damu. Najivunia hilo.

Wala si bahati yangu. Mwaka 1965 mtafiti wa meno Harald Löe na wenzake, nchini Denmark, walichapisha jaribio la watu 12 wenye fizi nzima walioacha kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote zilikuwa zimewavimba. Waliporudi kwenye mswaki, zilipona kwa takriban wiki moja.

Kwa hiyo tusidanganyane na vidonge. Tumia mswaki laini, uulaze kuelekea ufizi, dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala, na kati ya meno pitisha uzi wa kusafishia meno. Mvutaji sigara asijipongeze kwa kutoona damu, maana sigara huificha. Mwenye kisukari na mjamzito wawe macho zaidi. Uvimbe ukishafika kwenye mfupa unaoshikilia jino, mfupa uliolika haurudi wenyewe.

Dada, anza usiku huu na upande wa kushoto, taratibu. Damu itatoka siku za mwanzo, usiogope. Wiki 2 zikipita bado inatoka, nenda kwa daktari wa meno, na umwombe akukague ugaga.