Dawa ya Minyoo Haitibu Kichocho

SWALI: Daktari, binti yangu ana miaka 4, nasi tunakaa kijijini nje ya Malindi, upande wa Mto Sabaki. Kwa miezi kadhaa mkojo wake umekuwa ukimalizikia na matone mekundu. Zahanati walimpa dawa ya minyoo mara mbili, choo chake kikapimwa, kikaonekana safi. Muuza dawa sokoni amesema ni mchango wa damu, akaniuzia unga wa mizizi. Mtoto huyu haogelei bwawani kama kaka yake wa miaka 9, ila mimi humwogesha kwenye beseni hapo ukingoni ninapofua. Kaka yake naye aliwahi kukojoa damu, lakini wazee walisema ni dalili ya kukua. Je, nirudie dawa ya minyoo? Na wale konokono wa bwawani, nikiwamwagia chumvi watakwisha?

JIBU: Mama, dawa ile usiirudie, kwa sababu hata akiimeza mara ya kumi haitaufikia ugonjwa ninaoushuku. Mkojo unaoanza ukiwa wa kawaida na kumalizikia na damu, kwa mtoto anayeguswa na maji ya bwawa katika sehemu zetu hizi, unatutaka tupime kichocho kabla ya jambo lingine lolote.

Nimekaa na darubini miaka mingi, na hakuna neno linaloniumiza kama hili ninaloletewa kila wiki: "Lakini ameshapewa dawa ya minyoo." Albendazoli, ambayo ndiyo wanayopewa watoto wengi, huua minyoo ya tumboni, yaani ya mviringo, ya mjeledi na ya safura. Mnyoo wa kichocho cha mkojo haukai tumboni. Unakaa ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu, dume likiwa limelikumbatia jike, na jozi hiyo huweza kuishi humo miaka kadhaa huku jike likitaga mayai kila siku. Yai lenyewe lina mwiba nchani, nalo hupenya ukuta wa kibofu ili litoke na mkojo. Damu unayoiona mwishoni, kibofu kinapojikamua, inatoka kwenye majeraha hayo. Kwa hiyo choo kilichoonekana safi hakikukuambia lolote kuhusu kichocho hiki, kwa kuwa mayai yake hutafutwa katika mkojo. Mkojo huo nao uwe wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yanapotoka kwa wingi, na yale matone ya mwisho yasiachwe. Tunachuja mililita 10 na kuyatafuta mayai kwa darubini. Damu katika mkojo ina sababu nyingine pia, yakiwemo maradhi ya figo, na hapo ndipo ubaya wa kukisia ulipo.

Akipatikana nacho, dawa yake ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, nayo hutolewa baada ya chakula na baada ya mtoto kupimwa uzito. Ni chungu, vidonge vitasagwa na kuchanganywa na kitu kitamu. Usikubali kuambiwa kwamba ni mdogo mno kwa dawa hiyo, kwani tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza watoto watibiwe kuanzia umri wa miaka 2. Dawa hii huua minyoo iliyokomaa na kuwaacha wachanga, hivyo mkojo upimwe tena baada ya wiki 6 hivi, na huenda akahitaji kurudia.

Kutoogelea hakukumkinga. Vijidudu vinavyotoka kwa konokono huelea majini na kupenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, kwa dakika chache tu, na hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, saa zile zile za kufua. Maji yaliyotekwa bwawani na kumiminwa kwenye beseni papo hapo yamekuja navyo. Yachemshe, kisha yapoe, au yaache siku 2 kamili katika chombo kilichofunikwa kisicho na konokono, kwa kuwa vijidudu hivyo visipopata ngozi hufa. Hapo yatafaa kuogea, si kunywa.

Ama chumvi, iache jikoni. Konokono anayehusika ni yule mdogo wa maji baridi aitwaye Bulinus, anayekaa kwenye mayungiyungi na majani yaliyozama. Yule mkubwa wa shambani hahusiki, wala wa baharini. Bwawa likikauka, baadhi yao hujifukia matopeni na kusubiri miezi mingi, kisha mvua za masika huwarudisha. Wapo wanaouza sumu za shambani eti za kuwamaliza. Sumu hizo huua samaki na kuharibu maji ya mifugo, na konokono hurudi. Tena konokono hazaliwi na kichocho. Anakipata kutokana na mkojo wa mtu mgonjwa uliofika majini, na konokono mmoja aliyeambukizwa humwaga maelfu ya vijidudu. Mtoto aliyetibiwa na kuzoeshwa choo hulinusuru bwawa kuliko gunia zima la chumvi.

Huu unga wa mizizi ndio unaonikosesha usingizi, na simzungumzii muuzaji wako peke yake. Damu ya kichocho huja na kupotea yenyewe. Siku mkojo unapotakata, muuzaji husifiwa, na mama hurudi nyumbani akiwa ametulia, ilhali mayai yanaendelea kunasa katika ukuta wa kibofu na kuacha makovu. Makovu hayo huweza kuziba njia za mkojo na kudhuru figo, na baada ya miaka mingi huweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa mabinti, mayai hunasa pia katika njia ya uzazi, na wengine huja kujua wakiwa watu wazima wanaotafuta mtoto bila kupata. Nimewaona waliozungushwa kwa wauza mizizi tangu utotoni, ilhali kipimo cha mkojo kingewatosha.

Na yale ya wazee kuhusu mwanao wa kiume, kwa heshima zao zote, si kweli. Hakuna mvulana anayebaleghe kwa kukojoa damu. Mfike naye pia, siku hiyo hiyo, kabla ya saa 8 mchana.