Dende wawili na usingizi wangu

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, mwalimu wa hesabu, na usingizi wangu nilirudishiwa na dende. Miaka miwili ya kwanza sikuthubutu kumwambia mtu.

Msomaji wa Dar au Mombasa huenda anamjua kwa jina la simbilisi. Hapa Goma, mashariki ya Kongo, wengine wanasema kobayi, kwa Kifaransa chetu. Ni yule mnyama mdogo asiye na mkia ambaye watoto wa Kivu wanamfuga jikoni, na mwisho wake kwa kawaida ni sufuria. Nikisema dende ndiye dawa yangu, jirani anadhani naongelea mchuzi.

Volkano yetu, Nyiragongo, ilipolipuka Januari 2002 nilikuwa kijana. Lava ilikata mji katikati, tukakimbia, tukarudi, tukajenga juu ya mawe yake. Ilipolipuka tena Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021 nilikuwa mtu mwingine. Lava yenyewe ilisimama kabla ya kufika mtaani kwetu, lakini ardhi iliendelea kutetemeka mchana na usiku. Alfajiri ya Alhamisi tarehe 27 tukaamriwa kuhama, nikashika njia ya Sake kwa miguu na fuko la makaratasi ya mtihani. Mpaka leo sielewi kwa nini niliacha godoro nikabeba mtihani wa darasa la tatu.

Niliporudi Juni nyumba ilikuwa nzima. Usingizi ndio haukurudi. Nyumba yangu ni ya mbao, na lori likipita barabarani ukuta unatikisika. Kila lori lilinikuta mlangoni, mkono kwenye kitasa. Nililala na viatu mpaka Novemba. Darasani nilikuwa nasahau hesabu katikati ya ubao, na wanafunzi kwa adabu wakajifanya hawaoni.

Dada yangu alipokuwa anahama nyumba, mtoto wake wa miaka tisa akaniletea karatoni lenye matundu.

“Mjomba, utatuchungia hizi. Ziko mbili, juu moja yenyewe inalialiaka.”

Mtoto alikuwa na haki. Dende hawezi upweke. Huko Uswisi hata sheria inakataza kumfuga mmoja peke yake. Walikuwa majike wawili, mmoja mweupe na mmoja wa rangi ya chai. Niliambiwa ni wiki mbili tu.

Watu wakiandika juu ya wanyama na utulivu wa moyo, wanasifu upendo: mnyama anakupenda bila masharti, anakusikiliza. Dende hakupendi hivyo, angalau si wiki za kwanza. Ukiingiza mkono anakimbilia pembeni. Anachokifanya ni kukudai. Saa kumi na moja na nusu asubuhi akisikia ndoo inagusa sakafu anaanza kupiga kelele, sauti nyembamba kama mlango usiotiwa mafuta, na hanyamazi mpaka majani yafike. Mimi niliyekuwa nalala kitandani nikihesabu misumari ya bati mpaka saa mbili, nikalazimika kuamka. Na majani Goma hayaoti mlangoni, sisi tunakaa juu ya mawe. Ilinibidi nitoke, nipite kwa mama anayeuza matembele nimwombe yaliyonyauka, nishuke mpaka karibu na ziwa kukata nyasi. Njiani unasalimiwa, unajibu. Mwezi wa pili nilikuwa naongea na watu sita kabla ya shule, na kabla ya hapo nilikuwa nakaa siku mbili bila kumsemesha mtu asiye mwanafunzi.

Kama umevunjika moyo na unafikiria kuchukua mnyama, jiulize kwanza kama yuko mnyama ambaye njaa yake itakuinua. Kama ni paka anayejitafutia panya mwenyewe (pusi wengi wa Goma wanaishi hivyo), atakufaa kwa mengine, lakini kitandani hatakutoa.

Jambo la pili nililigundua usiku. Lori likipita, badala ya kukimbilia mlango nikaanza kumulika karatoni kwa simu. Wale wawili wanaendelea kutafuna. Nikawaangalia mpaka moyo ushuke, nikarudi kulala. Usielewe vibaya: sisemi dende anatabiri volkano. Kazi hiyo ni ya Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, na wakisema tuhame nitahama hata kama dende wanasinzia. Nasema tu kwamba woga wangu ulihitaji kitu cha kutazama, na taya linalotafuna linatosha.

Wenye elimu wamelipima jambo hili pia. Mwaka 2015 watafiti waliofanya kazi na shule za Australia walichapisha majaribio ambapo watoto walivalishwa bangili za kupima msisimko wa mwili kupitia ngozi. Watoto wenye usonji walitulia zaidi wakiwa na simbilisi kuliko wakiwa na vitu vya kuchezea au kitabu. Lakini watoto wasio na usonji walisisimka zaidi, pengine kwa furaha. Kwa hiyo usimpelekee mgonjwa wako mnyama kama unavyompelekea paracetamol. Mama yangu mkubwa mwenyewe hupanda juu ya kiti kwa woga akiona dende.

Marekani jambo hili lina hadi karatasi: mtaalamu wa afya ya akili anakuandikia barua, na mwenye nyumba huenda akalazimika kukukubalia mnyama wako hata kama nyumba zake haziruhusu wanyama. Huyo si sawa na mbwa wa kumwongoza kipofu, ambaye amefundishwa kazi maalumu. Ndiyo maana tangu Januari 2021 mashirika ya ndege ya huko hayalazimiki tena kumpandisha mnyama wa kutuliza moyo kama yule wa kazi. Mwenye nyumba wangu barua hangeisoma. Aliuliza kimoja tu: “Itanuka?” Nikabadilisha nyasi kila siku mbili na mbolea nikampa yeye kwa magunia yake ya lengalenga. Sasa ndiye anayeniulizia hali yao.

Januari 2025, risasi zilipoingia mjini, tulilala sakafuni mbali na madirisha, bila maji wala umeme. Nilikuwa na yule mweupe kifuani, ndani ya koti. Safari hii hakutafuna. Dende akiogopa anaganda kama jiwe, lakini moyo wake unapiga zaidi ya mara mia mbili kwa dakika, unausikia kwenye vidole. Nikaanza kumpapasa polepole kutoka kichwani kwenda nyuma, nikimnong’oneza upuuzi, na baada ya muda nikagundua ni mimi ninayepumua sawasawa. Sijui kama yeye alitulia.

Yule wa rangi ya chai alikufa mwaka jana, mkubwa tu, usingizini. Nililia, na niliona haya kulia kwa ajili ya mnyama katika mji ambao watu wamezika watoto. Wiki mbili usingizi ukapotea tena. Wasiosema haya wanapokushauri ufuge wanakudanganya: dende anaishi miaka mitano, pengine minane, na siku hiyo itafika. Nilimtafutia mweupe mwenzake haraka, jike tena. Ukichanganya dume, baada ya siku kama sabini una familia, na watoto wanazaliwa na manyoya, macho wazi, tayari kula.

Kwa atakayejaribu: wawili, kila siku majani mabichi, maana kama sisi mwili wake hautengenezi vitamini C. Parachichi na majani ya viazi ulaya usimpe. Usimweke palipo na moshi wa makaa, ingawa najua ndiyo desturi yetu. Ukichagua mbwa, mchanje kichaa cha mbwa, na akikuuma osha jeraha kwa maji na sabuni dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na kuna mahali ambapo mnyama hafiki. Mimi baada ya miezi saba bado nilikuwa naota moto, nikakubali kwenda kuongea na mtaalamu. Tuna kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu hapa Goma, na Bukavu wana kile cha SOSAME. Watu watasema umekwenda kwa wazimu. Waache. Kama unaona waliokufa, kama umeanza kufikiria kujiua, usianze na karatoni, anza huko. Dende walinisaidia kufika. Waliniamsha asubuhi ya miadi.

Swali ninaloulizwa sana ni kuhusu kukimbia: utamwacha au utambeba? Mimi nina kikapu chenye kifuniko nyuma ya mlango, ndani mna kitambaa, kitambulisho, sabuni na kopo la maji. Dende wawili wanaingia hapo bila shida, pamoja hawafiki kilo mbili. Mbwa mkubwa usingembeba. Mtoto wa dada yangu, ambaye sasa ana miaka kumi na mitatu na anasema wale dende bado ni wake, alikikagua kikapu mwezi uliopita akakuta nimesahau jambo moja.

“Mjomba, na majani ya njiani?”

Nimeongeza.