Pikapu ya familia inayoendeka kama gari la saluni: jibu kwa ndugu wa Kisumu

Ndugu, umeuliza uchukue pikapu gani ya kubeba mama, watoto watatu, hema na baiskeli, lakini iendeke kama gari dogo la saluni. Umetaja Ford Maverick, Hyundai Santa Cruz na Honda Ridgeline.

Hizo tatu zisahau. Usukani wake uko kushoto, na huku Kenya gari la namna hiyo halisajiliwi kwa mtu wa kawaida. Halafu kuna ile sheria ya gari la kuagiza kutozidi miaka minane. Inauma, maana Ridgeline ina buti chini ya sakafu ya nyuma, inafungwa kwa ufunguo na ina tundu la kutolea maji. Ungejaza barafu na samaki wa Dunga humo!

Ya ukoo huo tuliyowahi kuizoea Kenya ni Pijo 504. Mbele saluni, nyuma springi za mzigo. Baba alikuwa nayo, na hadi leo sijapanda pikapu inayomeza mashimo vile. Lakini kabini ni moja, na watoto hawapandi nyuma wazi, hata iwe ni kufika Kondele tu.

Umebaki na zenye milango minne: Hilux, D-Max, Navara, L200. Zote zimekalia chesisi kama lori dogo, kwa hiyo zikiwa tupu zinaruka. Nikipanda Kakamega peke yangu, matuta ya Chavakali nayahisi mgongoni. Nikipakia mizigo ya wiki, gari linatulia. Baadhi ya Navara za muundo wa D23 zina koili za mviringo nyuma badala ya springi za bapa, na tofauti utaisikia. Chungulia chini kabla ya kulipa.

Kiti cha nyuma ndicho kitakachowagombanisha. Pikapu nyingi mgongo wake umesimama wima. Usikikague ukiwa umeegesha. Mketishe mama hapo, wewe endesha mpaka Maseno na kurudi, kisha msikilize yeye, si muuzaji.

Jambo ambalo hakuna anayekwambia ni vumbi. Ukiweka kanopi, yaani paa la kufunika nyuma, ukaelekea Endebess, lango la Chorlim la kuingilia Mlima Elgon, wakati wa kiangazi, hewa inazunguka nyuma ya gari na kufyonza vumbi kupitia ufa wa chini ya mlango wa nyuma. Mkifika, magodoro yamekuwa mekundu na unga wa ugali una mchanga. Bandika mpira wa kuziba pembeni na chini ya mlango huo, hasa kwenye bawaba, na vyakula viwe kwenye makasha yenye vifuniko. Vumbi halitaisha, ila mtakula.

Gia za magurudumu manne ni nzuri, lakini kule mbuga ya Ruma udongo mweusi ukilowa, tairi za lami hujaa tope zikawa laini kama sabuni. Anza na tairi.

Mimi lakini ningekuuliza kwanza unabeba nini siku za kawaida. Kama mzigo mchafu ni mahindi ya Desemba tu, chukua wagoni ya kuinuka kama Subaru Forester, uweke keria juu na ndoano ya trela nyuma. Watoto watalala njia nzima. Kama una shamba kila wikendi, hapo pikapu.

Huyo mdogo bado anatumia kiti cha mtoto? Vitatu kwa mstari havienei kwenye nyingi ya hizi. Niambie umri wao tuendelee.